Mashine Ndani, Sisi Nje

Nyinyi vijana mnaoingia kwenye mjengo na helmeti ambayo bado imebandikwa bei ya dukani, hebu kaeni kidogo. Mwalimu wenu wa chuo amenipigia simu akaniomba niwaandikie mambo ya hekima kuhusu kazi yangu. Nimemwambia hekima sina. Nilicho nacho ni hasira na goti bovu, lakini kama mnavitaka, karibuni.

Jina langu ni Rosebella Nekesa. Wajenzi wote wa Nakuru wananijua kama Mama Honi, na gari sijawahi kumiliki. Waliniita hivyo kwa sababu nikimwita mtu wa mchanga, wanageuka hadi wapita njia ambao hawajawahi kushika sepetu maishani. Babu alitoka magharibi akaja kufanya kazi ya reli, baba akaingia kiwandani, mimi nikaangukia mawe. Nilianza kwa kuwabebea mafundi maji. Siku moja fundi mmoja hakutokea kazini kwa sababu ya arusi aliyoihudhuria kwa bidii nyingi, nikachukua mwiko wake ili nimshikie tu nafasi. Sikuurudisha tena. Nikawa fundi, kisha msimamizi wa saiti, na sauti ikakua pamoja na cheo.

Kabla hamjaanza kusinzia, shikeni hili: lowesheni mawe kabla ya kuyajenga. Upepo wa huku kwetu hunyonya maji kwenye simiti kabla hujamaliza kupiga mluzi, na jiwe kavu likimalizia yaliyobaki, ukuta wako utakuwa umeshikana kwa imani tu. Na mchanga usiununue kwa macho. Uchukue kiganjani, usugue, kisha uutupe. Mkono ukibaki na vumbi la kijivu, mwambie dereva ageuze lori, na umwambie kwa sauti asikie.

Sasa niwaambie kuhusu adui yangu.

Mzee Kiprono alikuwa klaki wa kazi, yaani mtu anayelipwa na mwenye jengo ili amchunge mjenzi asilale. Mrefu, mkimya, na pima maji yake, ile ya kipovu cha kuonyesha kama kitu kimenyooka, ilikuwa na mfuko wa blanketi ulioshonwa na mke wake. Alikuwa akifika, anaitoa kwenye blanketi kama mtu anayemwamsha mtoto, anaiweka ukutani, anafunga jicho moja, halafu anasema neno moja tu: "Ivunjwe."

Tulikutana mara ya kwanza Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, tulipokuwa tukijenga nyumba za wafanyakazi wa maua. Akavunjisha ukuta wangu wa choo. Choo! Nilimuuliza kama kuna mtu ataingia humo na pima maji. Akanijibu, "Mama, hata mtu wa choo anataka kukaa straight." Miaka mingi baadaye akanivunjisha nguzo ya geti hapa Section 58, mtaa ninaoishi mwenyewe, majirani zangu wote wakitazama kutoka kwenye balkoni. Nikawa kila nikipata kazi nauliza kwanza mwenye jengo amemleta nani, na kila mara naambiwa ni Kiprono. Kuzungumza hatukuzungumza. Tuliandikiana barua. Yeye yuko upande huu wa rundo la kokoto, mimi niko upande ule, na tarishi anapita katikati na bahasha huku sisi wawili tunatazamana. Hivyo ndivyo mikataba ya zamani ilivyokuwa, kila mtu anakusanya ushahidi wa kumfunga mwenzake, na jengo linangoja.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ghala la viazi huko juu karibu na Sachangwan. Mwenye ghala alikuwa ushirika wa wakulima, na mwenyekiti wao aliitwa Mama Chepkoech, mama mfupi aliyevaa gambuti mwaka mzima. Kule kila msimu hadithi ni moja. Viazi vikichimbuliwa, jua linavigeuza kijani na mvua inaviozesha, kwa hiyo mkulima anamuuzia dalali wa barabarani kwa bei anayotaka dalali. Mama Chepkoech alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba majirani wasiwauzie madalali msimu huo, wangojee ghala lifunguliwe. Wakakubali, si kwa sababu ya ghala, bali kwa sababu yake yeye. Ghala likichelewa, viazi vya kijiji kizima vingeharibika mikononi mwake, na asingeweza tena kupita kwenye hizo nyumba. Liwekeni hilo kichwani, maana mimi nikianza kucheka huwa nasahau kulitaja tena.

Basi ushirika ukapata mfadhili, na mfadhili akaja na mkataba ambao sikuwa nimewahi kuuona. Waliuita mkataba wa muungano. Mwenye jengo, mchoraji wa ramani na mjenzi wanakuwa timu moja. Faida ni ya wote na hasara ni ya wote. Hakuna barua za lawama, hakuna kupelekana kortini. Uamuzi wowote mkubwa lazima ukubaliwe na kila aliye mezani, na mmoja tu akisema hapana, mnakaa hapo hadi mpate njia nyingine. Ofisi ni kontena moja, meza moja, birika moja. Siku ya kwanza nilifungua mlango wa hilo kontena nikaona blanketi ninalolijua, limelala juu ya meza, na mwenyewe ameketi kwenye kiti kinachogusana na changu.

"Mama," akasema Kiprono.

"Mzee," nikasema. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu ya wiki nzima.

Nilikuwa na fundi kijana anayeitwa Brayo, mikono mizuri sana, mdomo mbaya zaidi. Nilipowaeleza mafundi huo mkataba, alinisikiliza hadi mwisho halafu akasema, "Mathe, hii si contract. Hii ni come-we-stay, ndoa ya bila arusi. Na bwanako ndio yule," akimwonyesha Kiprono kwa kidevu. Nikamrushia glavu. Ilimkosa ikampata mtu wa mabati.

Ili tuzoeane, tuliletewa kocha. Naam, kocha, kama wa mpira. Alikuwa msichana mpole anayeitwa Njeri, na kazi yake ilikuwa kutufundisha kushirikiana. Alianza kwa kutugawa vikundi akakipa kila kikundi pakiti za spageti mbichi na gundi, tujenge mnara mrefu kuliko wa wenzetu, tujifunze kuaminiana. Akatoka nje kupokea simu. Aliporudi, kikundi cha Brayo kilikuwa kimeazima sufuria kwa mama wa chai, na kontena lote lilinuka kitunguu.

"Mnara uko wapi?" kocha akauliza.

"Kocha, tulikubaliana wote," Brayo akamwambia. "Hakuna mtu alikataa."

Kocha akasimama pale akifikiria, na ukweli ni kwamba kimkataba hakukuwa na kosa. Akaomba sahani.

Kisha akatupiga marufuku neno "nani". Nani amemwaga simiti, nani ameacha bomba wazi, hayo yote yakafutwa. Na "wewe" likiambatana na kidole nalo likafutwa. Tulitakiwa kusema "sisi", halafu tuulize tutafanyaje. Hebu nifikirieni mimi, mwanamke aliyejijengea jina kwa neno "nani". Siku mbili tatu za kwanza nilitembea saiti nzima nimefunga mdomo hadi taya likauma. Asubuhi moja Brayo akaja jua likiwa limeshapanda, macho mekundu.

"Brayo," nikamwambia, kocha yuko nyuma yangu, "sisi tumechelewa leo."

"Eeh, mathe. Sisi tulikuwa tumelala."

"Na sisi tunanuka pombe."

"Kidogo tu, mathe. Sisi tulikuwa na birthday."

Nilikuwa nitapasuka. Halafu nikagundua kwamba mkataba unakataza kulaumu watu, lakini haujasema kitu kuhusu vyombo. Tangu hapo nikawa nagombeza wilbaro. Nilikuwa naisimamia na kuipigia kelele: "Wewe wilbaro huna haya! Umesimama hapo tangu chai, wenzako wanatoka jasho, jioni utataka kulipwa sawa na wao!" Mwenye wilbaro aliyekuwa amejilaza kivulini alikuwa akiinuka polepole, anakuja, anaishika. "Imeskia, mathe," anasema. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana, na ningewashauri muijaribu, ila msiipige teke wilbaro. Goti langu ndilo lililonifunza hilo.

Jambo lingine la mkataba huo ni sare. Wote tulivaa ovaroli za rangi moja na helmeti za rangi moja, bila jina la kampuni, ili isijulikane nani ni wa nani. Nia ilikuwa nzuri. Lakini siku moja nikamwona mwanaume amesimama mikono mfukoni katikati ya saiti, anatazama mawingu. Nikamwonyesha rundo la kokoto nikamwambia karai liko pale. Akabeba hadi chakula cha mchana bila neno. Baadaye nikaambiwa ni mjumbe wa mfadhili, amekuja kutukagua. Alipoondoka alimpa kocha mkono akamwambia hajawahi kuona saiti inayomkaribisha mgeni hivyo.

Sasa tuje kwenye mashine.

Sakafu ya ghala ilimwagwa kabla ya ukuta wa mbele kujengwa. Tuliacha upande wa mbele wazi makusudi ili ile mashine kubwa ya kukoroga konkriti, ya dizeli, yenye pipa la kuzunguka, iingie hadi ndani. Tukakoroga, tukamwaga, sakafu ikakauka. Mashine ikabaki pale. Mama wa chai alikuwa anatafuta mahali pasipo na upepo pa kuweka birika, akaona mashine, akaifunika turubai, juu ya turubai akatandika kitambaa cha maua. Tukawa tunanywa chai hapo kila siku. Baada ya muda hakuna aliyeiona kuwa mashine. Ilikuwa meza.

Chini ya mikataba ya zamani jambo hilo lisingetokea hata kidogo. Kiprono angeniandikia siku ile ile, "Ondoa takataka yako," nami ningemjibu kwamba takataka ni yeye, na mashine ingetoka nje kwa hasira tu. Lakini sasa kila mtu alikuwa na adabu. Kiprono alidhani mimi nina mpango. Mimi nilidhani Injinia Oduor, mchoraji wetu, ana mpango. Oduor alidhani kwa kuwa mashine ni yetu sote, basi sote tuna mpango. Mama Chepkoech aliniambia baadaye kwamba yeye alifikiri imejengewa humo kwa ajili ya kuosha viazi.

Ukuta wa mbele niliujenga kwa mikono yangu. Nilijua ndio ukuta wangu wa mwisho, na sikutaka mtu mwingine auguse. Nilichagua mawe moja moja, nikayalowesha, nikavuta uzi hadi ukalia. Mlango ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu na gunia begani, kwa sababu viazi vinataka giza. Kiprono alipita kila jioni na pima maji yake, akaiweka, akafunga jicho, akaondoka bila kusema "ivunjwe". Nilidhani ni kwa sababu ya mkataba. Paa likaezekwa, dari ikafungwa, na kule mashambani watu wakaanza kuchimbua viazi.

Asubuhi ya kumwaga konkriti ya jukwaa la nje, la kupakulia magunia, nikasimama mlangoni nikaita, "Leteni mashine!"

Brayo akaingia ndani. Hakutoka. Nikaingia nami. Alikuwa amekiondoa kile kitambaa cha maua, amekikunja vizuri, amekishika kifuani. Akatazama mashine. Akatazama mlango. Akatazama mashine tena.

"Mathe," akasema kwa upole, "sisi tumefungia mashine."

Nikafungua mdomo. Neno likapanda lenyewe kutoka tumboni, "Na—", halafu nikamwona kocha Njeri na kikombe chake pale pembeni, ameinua nyusi. "Naaa...," nikasema, nikalivuta hadi pumzi ikaisha. "Naona sisi tuna shida."

Mtaniuliza, si mngeiacha tu humo? Jukwaa tungeweza kulikorogea kwa sepetu, hiyo si taabu. Taabu ni dizeli. Kiazi kikilala siku chache na harufu ya dizeli kinaibeba, na hakuna mtu atakayenunua chipsi zenye ladha ya trekta. Mashine ilikuwa lazima itoke kabla gunia la kwanza halijaingia, na magunia yalikuwa tayari yanashonwa. Tena juu ya milima ya Mau kulikuwa na wingu jeusi ambalo halikuwa limekuja kusalimia.

Tukakutana humo humo ndani, tumeizunguka. Brayo alikuwa amejaribu kuifungua vipande, lakini boliti zilikuwa zimeganda kwa konkriti, na hata hilo pipa peke yake lilikuwa pana kuliko mlango. Oduor akasema tufungue paa, tulete kreni kutoka Nairobi. Tukatazama barabara yetu ya matope, tukamshukuru. Brayo akasema tuikate kwa gesi. Tukamkumbusha kuhusu dizeli, naye akasema alikuwa anachangamsha mkutano tu.

Mama Chepkoech alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, gambuti zimejaa matope ya shamba. Akasema, "Si mvunje tu ukuta wa mbele? Ni mawe. Mtayarudisha."

Ilikuwa kweli. Hakukuwa na njia nyingine. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono, na nawaambia uliniuma huo mkono kana kwamba nimebeba jiwe. Oduor akainua. Mama Chepkoech akainua. Tukamgeukia Kiprono.

"Hapana," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ndiye mtu aliyevunjisha choo changu, nguzo yangu, na ngazi ya kanisa ambayo sijawasimulia kwa sababu bado inaniuma. Maisha yake yote amekuwa akisema "ivunjwe". Leo watu wote wanasema ivunjwe, yeye anasema hapana?

"Mzee," nikasema, na sauti ikaanza kupanda yenyewe, "unafanya makusudi."

"Sisi," akanong'ona kocha.

"Sisi tunafanya makusudi!" nikapaza.

Kiprono akatoa pima maji kwenye blanketi. Akaenda kwenye ukuta, akaiweka, akatuita tuone. Kipovu kilikuwa katikati kabisa. Akaihamisha juu, kikabaki katikati. Akaihamisha kila mahali, hadi Brayo akaacha kutafuna.

"Mimi nimepima ukuta tangu nikiwa kijana," akasema. "Yote iko na shida. Hata yangu ya nyumbani iko na shida. Hii ndio ya kwanza nimetafuta makosa nikakosa. Na ni huyu mama amejenga. Mkitaka kuvunja, vunjeni. Lakini mimi mkono yangu siinui."

Machozi yakanijia bila ruhusa, nikajifanya ni vumbi la simiti. Miaka yote hiyo! Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kwa mwiko.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ungelegea," akasema.

Mama Chepkoech akainuka kwenye ndoo. "Wazee, mimi nimefurahi sana ukuta yenu ni nzuri," akasema. "Lakini watu wangu wanachimba leo. Dalali amesimama pale kwa barabara tangu asubuhi, anacheka tu, ananingoja. Nikiwaambia hakuna ghala juu ya ukuta nzuri, nitaishi wapi?"

Nikamwendea Kiprono. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane niliongea naye kwa sauti ya kawaida, hadi mafundi wakasogea karibu ili wasikie. "Nitaujenga tena," nikamwambia. "Mawe ni yale yale, mikono ni ile ile. Na safari hii hutakuja jioni kunipima kama polisi. Utakuwa pale pale, ushike ubao wa kona mwenyewe."

Akaifunga pima maji ndani ya blanketi polepole. Kisha, akitazama chini, akainua mkono.

Tulivunja kutoka mlangoni kuelekea kona, jiwe kwa jiwe, tukiyapanga kando yasivunjike. Trekta la ushirika likaivuta mashine nje, na watu wakaishangilia kama bibi arusi. Ndani tukasugua sakafu kwa sabuni hadi harufu ikaisha. Halafu nikashika mwiko.

Hapa sikilizeni, ni somo. Ukuta wa mawe unafuata ubao wa kona. Unasimamisha ubao wima, unafunga uzi kwake, na kila mstari wa mawe unaufuata huo uzi. Ubao ukiinama, ukuta unainama, hata fundi awe malaika. Kiprono alishika ubao wangu kwa heshima kubwa, pima maji mkononi, na akageuka kuwa mtu wa maneno! Sijui yalikuwa yamefungiwa wapi. Alinisimulia kuhusu ng'ombe wake, kuhusu mke wake aliyeshona blanketi, kuhusu choo cha Kamere, kwamba hakikuwa kibaya sana kwa choo. Mimi nilikuwa nacheka na kujenga. Mama wa chai akaleta chai, Kiprono akachukua kikombe kwa mkono mmoja na kuendelea kusimulia. Huku nje matrekta na mikokoteni ya punda ilikuwa imeshaanza kupanga foleni, na wingu limeshuka hadi tunalinusa.

Tulimaliza mvua ikiwa bado inajifikiria. Magunia yakaingia chini ya paa, yote, Mama Chepkoech akiyahesabu kwa kuyapiga makofi mgongoni. Nilimwona amesimama barabarani akimpungia dalali mkono, kwa adabu sana, hadi gari la dalali lilipopotea kwenye kona.

Ndipo Kiprono akaenda kupima ukuta. Akaiweka pima maji. Akafunga jicho. Akafungua jicho. Akaipangusa kwa shati, akaiweka tena. Mimi nilikuwa nimeshaona. Ukuta ulikuwa umelala kuelekea ndani, upana wa kidole hivi ukifika juu. Ulikuwa umelala upande ule ule ambao mzee mmoja alikuwa ameegemea ubao akinywa chai na kusimulia ng'ombe.

Oduor akaja akaupima, akapiga hesabu zake, akasema utasimama hadi wajukuu zetu wazeeke, hauna hatari yoyote, ila tu mtu mwenye jicho ataona. Mafundi wote wakanigeukia. Kocha Njeri akanigeukia. Kiprono hakunigeukia. Alikuwa anatazama viatu vyake, masikio yamemshuka.

Vijana wangu, niliungoja wakati huo tangu Kamere. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga nikiosha vyombo, nikiipanga kwenye foleni ya benki, nikiirudia kanisani wakati wa sala ndefu. Ilianza na neno "nani" na ilimalizika na neno "wewe". Nikavuta pumzi, mafundi wakaziba masikio. Nikamtazama mzee yule na hilo blanketi lake kwapani.

"Sisi," nikasema, "tulikuwa na kiu ya chai."

Brayo akalazimika kutoka nje.

Siku ya kufungua ghala walikuja wageni wengi, hema zikasimamishwa, viti vikafungwa riboni. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi nyeupe inayong'aa, na jua la asubuhi lilikuwa linaupiga kutoka ubavuni, jambo baya kuliko yote kwa ukuta uliolala. Kiprono alifika na suti. Hakwenda kwenye viti. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona, akageuka, akauweka mgongo wake pale na kusimama wima kabisa, mikono kando, kama anayengoja kupigwa picha ya kitambulisho. Maombi yakaanza, yakaisha. Hotuba zikaanza. Hakusogea.

Nikainuka kwenye kiti changu cha riboni, nikaenda nikasimama kando yake, mgongo ukutani. Jiwe lilikuwa baridi. Mgeni rasmi akakatiza hotuba yake akatuita kwenye kipaza sauti, "Wazee wangu, mbona mmesimama? Viti viko."

"Tuko sawa hapa," Kiprono akamjibu.

Nikasogea karibu naye zaidi, kwa sababu katikati yetu ukuta ulikuwa bado unaonekana.